Taa Nyekundu ya Gari la Ushirika

Mwanangu Sifa,

Habari za blanketi, dawa ya malaria na karatasi za kuonyesha njiani, mama yako amekwisha kukuambia, na atakuambia tena kesho asubuhi kabla hujapanda pikipiki. Mimi hayo nayaacha. Sasa hivi ninyi wawili mko shambani mnachimba viazi vya kubeba, mvua bado haijaanza, na mimi nimefunga mlango wa gareji kama mtu mwenye kazi nyingi. Kazi yenyewe ni hii barua. Juma hili nimejaribu mara tatu kukuambia kwa mdomo. Mara ya kwanza ulikuwa unaosha mikono kwa petroli, ukainua macho kuniangalia, nikakuuliza ufunguo namba kumi uko wapi. Ulikuwa mkononi mwangu.

Bweremana si mbali. Zamani nilishuka asubuhi, nikala samaki kule ziwani mchana, na jioni nikarudi Masisi kulala. Sasa barabara inafunguliwa siku moja, inafungwa siku nne, na safari hii hatujui ni nani ataifunga. Unaenda kwa sababu kule kuna malori na mashua za kutengeneza, na hapa gareji yangu ina magari mawili tu, wenyewe walikimbia wakayaacha. Mimi siwezi kuondoka. Mama yangu mzee hawezi kukaa juu ya pikipiki, na mama yako hataliacha shamba lile lichukuliwe. Kwa hiyo sijui nitakuona lini, na jambo hili haliwezi kungoja barabara.

Unakumbuka siku nilipokufokea mbele ya watu. Sasa ni kama mwezi. Mteja alikuwa ameleta gari lake la zamani la petroli, wewe ukaingia chini ya dashibodi na taa ya kupimia, ukatoka ukasema kwa sauti, kila mtu akasikia: "Papa, nani alitoa taa ya chaji hapa? Muntu mwenye alifanya hivi hajue kazi." Nikakuambia utoke katika gareji yangu, uende ukamsaidie mama yako kupika. Miaka minne nimekufundisha, sijawahi kukutamkia neno kama lile. Ulitoka, na kwa siku tatu uliniita Papa pale tu ulipolazimika. Nadhani ulifikiri niliona haya kwa sababu binti alisema kabla ya fundi. Sivyo. Ulikuwa umelitaja kosa langu mimi, la miaka mingi na la gari jingine, bila kujua, na ulilitaja vizuri.

Wewe ulikuwa na miezi minne. Nilikuwa fundi wa ushirika wa wakulima, ule uliokusanya jibini huku vilimani na kulishusha ziwani. Ushirika ulikuwa na gari moja, la petroli, la zamani kuliko mimi, lenye turubai nyuma. Ndilo lilikuwa gari la jibini, la wagonjwa, la arusi na la maiti, kwa kuwa lingine halikuwepo. Dereva wake alikuwa Papa Anselme, mtu mrefu na mtaratibu, aliyefuta kioo kwa kitambaa chake mwenyewe kila aliposimama. Alinizidi miaka kumi na mitano na aliniita Fundi hata wakati wenzangu walikuwa bado wananiita kijana.

Gari lile likaanza kuonyesha taa ya chaji. Wewe unajua inavyotakiwa: ukigeuza ufunguo wa kontakti, taa inawaka, injini ikishika, inazimika. Ile haikuzimika kabisa. Ilibaki na wekundu kidogo tu, wa kuonekana ukikinga kwa mkono. Mwenyekiti wa ushirika hakuipenda. "Hii taa inaogopesha bantu," aliniambia. Nikabadilisha mkanda, nikamwambia iko sawa. Kesho yake wekundu uleule. Nikafungua alternateri inayochaji betri, nikaisafisha, nikatia makaa yake mapya ya kupitisha umeme, nikamwambia sasa iko sawa kabisa. Wekundu ukarudi.

Ungekuwa wewe, ungeanzia kwenye betri na kufuata waya mpaka mwisho, ukipima kila kiungo. Ndivyo nilivyokufundisha, na ukali wangu wote wa kukufundisha hivyo ulitoka hapa. Siku ile mimi sikupima. Nilikuwa nimelala chali chini ya dashibodi, mwenyekiti amesimama mlangoni, naona viatu vyake tu. Nilikuwa nimekwisha kusema mara mbili kwamba iko sawa. Kutoka pale chini na kusema sijui, kulinishinda. Nikaishika ile taa kwa vidole viwili, nikaizungusha, nikaitoa, nikaitia mfukoni. Halafu nikawasha injini, nikakanyaga mafuta kwa nguvu, nikapima betri, na chaji ikaonekana inapanda. Nikasema, "Imekwisha."

Kwa nini ilionekana inapanda, wewe unajua. Alternateri ya aina ile huamshwa na umeme mdogo unaopitia kwenye ile taa. Ukiitoa taa, alternateri inaweza kuamka yenyewe ukikanyaga sana, lakini gari likienda polepole inazunguka bure, na kila kitu kinakula betri. Mimi wakati ule nilijua nusu ya hayo. Nusu nyingine nilijifunza kwenye njia ya Kashebere.

Siku ya nne baada ya hapo ikaja habari kwamba kuna mama katika kijiji cha karibu na Kashebere, upande wa Walikale, uchungu umemshika tangu jana na mtoto hatoki, na lazima afikishwe Masisi hospitalini. Mama huyo ni Mama Justine. Ndiye huyohuyo unayemjua, anayeuza maharagwe nyuma ya kanisa. Papa Anselme aliendesha, mimi nikakaa kando yake na sanduku la vyombo. Kwenda hatukupata shida, taa za mbele zinawaka kwa ajili ya ukungu wa asubuhi. Pale kijijini alizima taa na injini, tukangoja wamtandikie godoro nyuma. Akapanda yeye na mama mkwe wake; mumewe akabaki na watoto. Tukageuka.

Ukungu ukashuka, na mvua ikafuata. Papa Anselme akawasha tena taa za mbele, na vifuta kioo. Tulikwenda mwendo wa mtu anayetembea, matope yamefika nusu ya gurudumu. Baada ya saa mbili na kidogo vifuta kioo vikaanza kuchoka. Vilipanda polepole, vikasimama katikati. Taa zikageuka njano. Kisha injini ikaanza kukohoa. Mimi nilijua palepale. Kabla gari halijasimama, mkono wangu ulikuwa umekwisha kwenda mfukoni.

Lilisimama kwenye kona, kilima upande huu na korongo upande ule, mianzi imeinama juu yetu. Papa Anselme akageuza ufunguo. Kikatoka kishindo kimoja kidogo, kisha kimya.

"Betri imekufa," akasema. "Juu ya nini? Jana ilikuwa muzuri."

"Sijue," nikasema.

Taa niliitoa kwa uchovu na majivuno, na hayo mtu anaweza kuyaelewa. Hili neno moja nililisema nikiwa macho kabisa.

Tulijaribu kusukuma, wanaume wawili na mwanamke mzee, katika matope, mlima mbele na mlima nyuma. Hata lingesogea, hapakuwa na umeme wa kutoa cheche. Halafu tukasikia risasi. Kwanza mbele yetu, upande wa Nyabiondo. Baadaye nyuma, kule tulikotoka. Papa Anselme akatuambia tuingie wote ndani, tufunge turubai, tusiseme. Tukawa watu wanne katika gari lisiloweza kwenda mbele wala kurudi nyuma, na mmoja wetu yuko katika kuzaa.

Usiku ule sitakueleza. Nilikaa goti langu limebanwa kati ya sanduku la vyombo na mlango, na kila mara Mama Justine alipouma kitambaa ili asilie, nilitaka kushuka nikimbie, na pa kukimbilia hapakuwepo. Mpaka leo nikikaa katika chumba kilichofungwa goti lile linauma. Hata sasa linauma.

Kulipopambazuka risasi zilinyamaza. Papa Anselme akavua koti lake, akamfunika Mama Justine.

"Naenda Nyabiondo na miguu," akaniambia. "Nitatafuta betri ao bantu ya kubeba."

"Batakuua mu njia."

"Na hapa?" akasema.

Akaenda. Mimi nilikuwa kijana kuliko yeye, na miguu yangu ilikuwa mizima. Sikujitoa, kwa sababu akienda yeye, mimi ningebaki peke yangu na gari.

Mara tu alipopotea katika ukungu nilipiga magoti chini ya dashibodi, nikairudisha taa mahali pake. Mama mkwe alikuwa anashughulika nyuma, hakuwa na nafasi ya kuniangalia. Niliizungusha mpaka ikakaza, nikafuta alama za vidole vyangu vya matope kwenye dashibodi. Nilifanya kazi safi, Sifa. Nimefanya kazi nyingi mbaya katika maisha haya, lakini ile ya asubuhi ile ilikuwa safi, na ndiyo ninayoionea aibu.

Nilikuwa bado nimepiga magoti mtoto alipozaliwa. Nikamsikia analia. Mama Justine alikuwa anazimia na kurudi, damu ilikuwa nyingi, na mama mkwe akanipitishia mtoto juu ya kiti bila kuniangalia. "Shika huyu," akasema, "miye nishike mama yake." Nikamtia ndani ya shati langu. Alikuwa mvulana. Alilia mara tatu au nne, akanyamaza, akabaki anapumua tu, haraka haraka. Nilimshika hivyo mpaka jua lilipotokea juu ya mianzi, na baada ya hapo alikuwa hapumui tena. Mama mkwe akamchukua, akamfunga katika kitambaa. "Tutasema alizaliwa amekufa," akaniambia. "Ni muzuri kwa mama yake." Nikaitika kwa kichwa. Nilitaka asubuhi ile isiwe na maneno yoyote ndani yake.

Papa Anselme alirudi mchana na vijana wawili, betri ya kuazima wameifunga kwenye mti na kuibeba begani. Mtoto tulikuwa tumekwisha kumzika chini ya mti, kando ya njia. Tukaiweka betri. Akageuza ufunguo, taa nyekundu ikawaka, injini ikashika, alternateri ikaamka. Tulifika Masisi, Mama Justine akatibiwa, akapona.

Jioni mwenyekiti alikuja kuliangalia gari. Nilifungua boneti, nikapima mbele yake na mbele ya watu waliokusanyika. Kila kitu kilikuwa kinafanya kazi; wekundu ule mdogo hakuna aliyekinga mkono autafute.

"Sasa betri ilikufa juu ya nini?" akauliza.

Sikusema kwamba ni Papa Anselme. Nataka uelewe nilivyofanya: sikusema lolote. Nilisimama na kipimo mkononi, nikamwacha atafute mwenyewe. Akageuka kwa dereva. "Weye uliacha taa za mbele zinawaka kule mulikuwa nangojea."

"Hapana, nilizima," akasema Papa Anselme.

"Uko hakika?"

Papa Anselme alifikiri. Alikuwa hajalala, alikuwa ametembea kati ya watu wenye bunduki tangu alfajiri, matope yamemkaukia mpaka kiunoni. "Nilizima," akasema tena, lakini polepole zaidi. Watu wakaangaliana. Akaombwa ufunguo wa gari, akautoa.

Siku tatu baadaye, peke yangu, nilifuata waya. Nyuma ya kontakti kulikuwa na kiungo kimoja kimeota kutu ya kijani. Umeme ulikuwa unapungua pale, ndiyo maana taa haikuzimika vizuri. Nilikikwangua kwa kisu, nikakikaza. Taa ikazimika kabisa. Ilinichukua nusu saa.

Hakuna aliyempa Papa Anselme gari tena. Dereva aliyesahau taa mpaka mtoto akafa, nani atamkabidhi gari lake? Alienda Rubaya kubeba mifuko ya madini mgongoni, kutoka mashimoni mpaka barabarani. Mimi nilibaki fundi wa ushirika mpaka ushirika wenyewe ulipokwisha. Watu waliniamini. Walisema, yule Fundi hasemi ovyo.

Baadaye mapigano yalimleta Mama Justine na jamaa yake Masisi, wakajenga nyuma ya kanisa. Tangu siku hizo mimi sokoni naenda kwa njia ya chini, ile ya matope. Mama yako anafikiri napenda kupita kwa fundi viatu. Mji huu ni mdogo, na mimi kila mwaka niliupunguza: hapa sipiti, pale siketi, msiba wa fulani sihudhurii. Ulipokuwa na miaka saba nilipata kazi Goma, katika gareji kubwa. Ulifurahi, ulikwisha kuwaambia wenzako shuleni. Halafu nikakataa, nikasema mshahara ni mdogo. Si kweli. Mmoja wa madereva wa pale alikuwa mtu wa Rubaya, na nilijua siku moja angetaja jina la Papa Anselme tukiwa tunakula. Ulilia siku mbili. Nilikufungia hapa pamoja nami, na hukujua sababu.

Kisha ukaja ukauliza nani alitoa taa. Usiku wa siku ile mama yako aliniambia, "Mutoto amekukosea nini?" Nikageukia ukutani. Juma lililopita niliwaambia naenda Rubaya kutafuta waya. Nilienda kumtafuta yeye.

Nilimkuta amekaa mbele ya depo ya madini, anashona mifuko iliyotoboka. Mgongo umemshinda, hawezi tena kubeba. Alinitambua kabla sijamtambua.

"Fundi," akasema. "Karibu. Kaa."

Njiani nilikuwa nimetengeneza maneno mengi. Yote yaliniacha. Nikasema, "Papa Anselme, ile siku ya Mama Justine, haikuwa weye. Nilikuwa nimetoa taa ya chaji. Asubuhi, wakati ulienda Nyabiondo, nikairudisha."

Aliweka sindano chini. "Sema tena, polepole."

Nikasema tena.

"Ile taa, inafanyaka kazi gani?"

"Njo yenyewe inaamusha alternateri. Bila ile, alternateri inazunguka bure, betri inaisha."

Aliokota sindano, akashona mfuko mmoja mpaka mwisho. Wapagazi walipita na mifuko yao, wakamsalimu, akawajibu mmoja mmoja. Nilingoja anitukane. Ningependa anitukane.

"Unajua kitu gani, Fundi?" akasema mwishowe. "Mwanzo nilikumbuka mukono yangu iko nazima taa. Nilikuwa naiona kabisa. Lakini bantu bote banasema hapana, kila siku banasema hapana. Kiisha miye pia nikaanza kukumbuka sikuzima. Miaka yote hii, nikifunga macho, naona taa zinawaka pale ku kijiji, na miye niko naongea na bantu." Akaangalia mikono yake. "Bibi yangu, mwenye nilioa, alikufa akijua njo miye nilikosa. Nilimuambia miye mwenyewe."

Nikamwambia anisamehe.

"Hiyo neno, ngoja kwanza," akasema. "Mama Justine iko wapi?"

"Iko Masisi."

"Unamuonaka?"

"Napitaka njia ingine."

Akasimama kwa shida, akaingia ndani, akatoka na koti. "Twende," akasema.

Yule mzee uliyemkuta akila ugali kwetu Jumamosi usiku, niliyekuambia ni rafiki wa zamani wa ushirika, ndiye Papa Anselme. Jumapili baada ya ibada tulikwenda pamoja nyuma ya kanisa. Mama Justine alikuwa anachagua maharagwe kwenye ungo. Mumewe na wana wake wawili wakubwa walikuwa wamekaa kwenye benchi. Nikasema yote, nimesimama. Aliendelea kuchagua maharagwe mpaka nilipofika mwisho. Mwanawe mkubwa alinikamata kola, akanisukuma mpaka ukutani, na mimi sikuinua mkono.

"Muache," Mama Justine akasema. "Miye sijamuuliza bado."

Mwanawe akaniachia. Mama Justine akaweka ungo kando.

"Weye ulikuwa pale mbele," akaniambia. "Ile mutoto alilia?"

Sikuwa nimetegemea swali hilo. "Alilia," nikasema.

Mumewe akainuka kwenye benchi. "Mama yangu alisema alizaliwa amekufa."

"Alilia," nikasema. "Mara tatu, ine. Kiisha alipumua mpaka jua likatoka. Nilimushika miye, mu shati yangu."

Mama Justine aliwageukia wanaume wake. Hakupaza sauti. "Nilibaambia," akasema. "Miaka yote nilibaambia nilisikia. Mulisema ni homa. Mama mukwe alisema ni homa, mupaka alikufa anasema ni homa." Kisha kwangu: "Alikuwa na nyele?"

"Mingi."

"Sema tena kwamba alilia."

Nikasema tena. Alinifanya niseme mara nyingi, na kati ya mara hizo aliniuliza kila kitu: mikono ilikuwaje, alifungua macho au hakufungua, nani alimfunga kitambaa, kaburi liko karibu na mti gani. Tulikaa mpaka mchana ukaisha. Kwa ukimya wangu nilikuwa nimemfungia Papa Anselme katika kosa ambalo si lake, hilo nililijua miaka yote. Lakini kwamba kulikuwa na mtu mwingine ndani, mama anayebishiwa masikio yake mwenyewe, na ufunguo niko nao mimi tu, hilo sikuwahi kulifikiri hata siku moja.

Usifikiri sasa nimekuwa huru. Papa Anselme amenipa jibu lake la lile neno la msamaha: kwanza nisimame kanisani, nitaje jina lake mbele ya watu walewale na watoto wao. Nimekubali. Ni Jumapili hii inayokuja. Baada ya hapo sijui kama kuna atakayeniletea hata tairi la kuziba, na njia ya kuondoka hapa sina. Nitaishi katikati ya macho yao.

Na kuna jambo moja la mwisho, ambalo ni gumu kuandika kuliko yote. Ulipoitwa Bweremana, wenye gareji ya kule walisema unaweza kuanza mwezi ujao. Ni mimi niliyesema uende kesho. Nilimwambia mama yako barabara itafungwa. Ukweli ni kwamba sikutaka uwe kanisani Jumapili. Nimekuharakisha ili usinione. Kwa hiyo barua hii nakupa leo, mkirudi kutoka shambani, nisiiweke kwenye mfuko wako ukaisome ukiwa umekwisha kuvuka vilima. Ukitaka kwenda kesho, pikipiki imekwisha kuagizwa, na hutakuwa umenikosea. Ukitaka kungoja mpaka Jumapili ipite, ngoja. Ukitaka kukaa benchi la mbele au la nyuma, au kukaa na jamaa ya Mama Justine, ni shauri lako. Miaka minne nimekuwa nikikuambia pima mwenyewe, usiamini neno la fundi.

Utakapoenda, siku hii au nyingine, pita kwanza nyuma ya kanisa umuage Mama Justine. Anakupenda tangu zamani, na ameniomba upite. Yule mtoto sasa ana jina, anaitwa Byamungu; wamelitamka wenyewe katika sala ya nyumbani, baba yake ndiye alilisema kwanza. Wewe umezoea kusikia kwamba Mama Justine amezaa watano. Muulize tena. Atakuambia sita.

Papa yako